Moshi wa Makala

Jumamosi ya tarehe 29 Mei 2021, wiki moja tangu volkano ya Nyiragongo itapike, serikali ya Kongo ilitangaza kwamba volkano ya pili imelipuka. Jina lake Murara, kilima kidogo jirani na mlima Nyamulagira, ndani ya mbuga ya Virunga, mahali wasipoishi watu. Mji wetu wa Goma wakati huo ulikuwa nusu tupu. Siku mbili nyuma gavana wa kijeshi, Constant Ndima, alikuwa ameamuru mitaa 10 kati ya 18 ihamwe, na watu wapatao laki nne walikuwa wameshika njia ya Sake, Minova, Bukavu na Rwanda, magodoro kichwani, watoto mgongoni. Habari ya Murara iliwakuta roho zao zikiwa tayari juu juu.

Saa chache baadaye serikali hiyo hiyo ikaikanusha. Ndege iliyopita kuchungulia haikuona lava. Kilichoonekana kutoka angani ni moshi wa watu waliokuwa wakichoma makala.

Msomaji wa Tanga au Mombasa asishangae. Makala kwetu Goma ni mkaa. Mama akikutuma makala jioni, hataki umletee gazeti, anataka kupika sombe. Kwa hiyo hiki unachokisoma sasa, kwa lugha ya mtaa wetu, ni kipande cha mti kilichochomwa, na wenzangu wameshanitania vya kutosha juu ya kazi yangu ya kuuza makala.

Wahenga walisema palipo na moshi pana moto. Siku ile moshi ulikuwepo na moto ulikuwepo, methali haikukosea hata kidogo. Ila methali haikuambii ni moto wa nani.

Moshi huo ndio ninaokwenda nao darasani. Rafiki yangu anafundisha elimu ya uraia katika shule moja ya sekondari upande wa Himbi, darasa la tatu la humanités: vijana hamsini na kitu, mashati meupe na nguo za bluu chini, watatu watatu kwenye dawati la wawili. Aliniomba nije niwaeleze namna wanahabari wanavyoujua ukweli. Nikamwambia mada hiyo itanishinda, maana wanahabari wenyewe mara nyingi hatuujui, tunausubiri kama watu wengine. Tukapatana juu ya jambo dogo zaidi: namna ya kuuliza habari imetoka wapi.

Nilipoingia niliandika ubaoni neno moja tu: *Banasema*. Darasa zima likacheka. Kila mtoto wa Goma analijua, ndilo mlango wa habari zote mjini. Banasema sukari itapanda. Banasema ziwa linachemka. Banasema matokeo ya mtihani wa taifa yameshatoka Kinshasa ila yamefichwa. Kiswahili cha vitabuni kinasema "wanasema", lakini hiyo ba- ya kwetu ina uzito wake: ni watu wengi kiasi kwamba hayupo hata mmoja. Huwezi kumpigia simu Banasema. Hana namba, hana mtaa, hana mke wa kukuambia ametoka.

Chini yake nikaandika: *Amejuaje?*

Simu haziruhusiwi darasani, ila mwalimu alikubali tutoe moja. Kijana wa dawati la nyuma alikuwa na sauti aliyoipata asubuhi ile kwenye WhatsApp, na juu yake ile mishale miwili na maneno ya Kifaransa yanayosema ujumbe umepitishwa mara nyingi. Akaibonyeza. Sauti ya mwanamume, haraka haraka: "Bandugu, petite barrière banafunga saa kumi leo. Bamama benye beko Gisenyi barudi mbio." Hapo darasa halikucheka. Petite Barrière ni mlango wa mpaka wetu na Rwanda, na kwa nyumba nyingi za Goma chakula cha jioni hupita hapo asubuhi kwa miguu. Zaidi ya mtoto mmoja mle ndani mama yake alikuwa ng'ambo muda ule.

"Nani amekutumia?" nikamuuliza.

"Ni mama mukubwa."

"Na yeye alipata wapi?"

"Ku groupe ya kwaya."

"Na kwaya?"

Akainua mabega. Tukachora ubaoni: mviringo wa kijana, mviringo wa mama mkubwa, mviringo wa kwaya, halafu mstari mrefu unaoishia hewani. Msichana mmoja wa mbele akanyoosha mkono. Mama yake huuza nyanya Gisenyi, na simu yake inashika mtandao wa huku hata akiwa kule. Mwalimu akamruhusu ampigie. Uniti zilikuwa chache, mazungumzo yakawa mafupi mno: yuko wapi, amepita saa ngapi, ameona nini. Mama alikuwa ameshavuka muda si mrefu. Mpaka uko wazi. Foleni ilikuwa ndefu, askari wakawa wanapeana zamu, na mmoja wao akapiga kelele kwamba watu waharakishe. Basi.

Tukabaki tunautazama ule mnyororo ubaoni. Mtu mmoja amesikia "harakisheni" akadhani "tunafunga". Mwingine akaongeza saa, maana tangazo lisilo na saa halina nguvu. Hakuna aliyekusudia uongo. Nikawauliza nani katika mnyororo huu alikuwa mjuzi, wakajibu kwa pamoja: mama wa nyanya. Hana cheo, hana mhuri wala ukurasa wa mtandaoni, ila alikuwa pale, saa ile, kwa miguu yake. Gavana asingejua zaidi yake. Kinshasa ndiyo usiseme.

Nimelikawilia tukio hili kwa sababu vitabu vingi vinavyofundisha vijana kuchambua habari vinaanzia kwingine. Vinampa mtoto orodha: amini tovuti ya serikali, amini chuo kikuu, amini shirika la kimataifa, usiamini mtaani. Orodha hiyo labda inafaa katika mji ambao serikali yake haijawahi kutangaza volkano ya makala. Mtoto wa Goma ukimpa orodha hiyo atakuheshimu, ataiandika daftarini, na hataitumia siku hata moja. Ameshaona afisa akikosea na jirani akipatia. Anachohitaji ni kujua kila aina ya habari ina jicho lake. Ya mpaka, jicho ni aliyevuka. Ya ugonjwa, ni maabara. Ya sheria, ni maandishi ya sheria yenyewe, si aliyeyasimulia redioni. Na ya mlima?

Mlima ni habari ndefu.

Nyiragongo ililipuka Januari 1977, ikalipuka Januari 2002, ikalipuka tarehe 22 Mei 2021. Ile ya 2002 lava ilikata mji katikati hadi ziwani, ikafunika sehemu ya njia ya ndege ya uwanja wetu. Watu zaidi ya 100 walikufa. Kabla yake, mtaalamu wa volkano wa hapa hapa Goma, Dieudonné Wafula, alikuwa ameshaona dalili na kutoa tahadhari akiwa na vifaa vya kuhesabika kwenye vidole. Mji ulikuwa chini ya waasi wa RCD, nchi imegawanyika vipande, na sauti ya mwanasayansi mmoja haikufika mbali. Jicho lilikuwepo, kilichokosekana ni mdomo. Inaingia akilini kwamba Radio Okapi, redio ya Umoja wa Mataifa inayotangaza pia kwa Kiswahili, ilianza tarehe 25 Februari 2002, mwezi mmoja na siku chache baada ya lava kupoa. Lakini hata redio nzuri husema kile ilicholetewa.

Mwaka 2021 mambo yakageuka. Goma ilikuwa na kituo chake cha kuchunguza volkano, OVG, kilichopanuliwa baada ya janga la 2002, chenye mitambo ya kupimia mitetemo mlimani na rangi zake nne za tahadhari, kijani, njano, chungwa na nyekundu, ambazo kila mtoto wa mji anazijua. Ila kwa miezi kadhaa kabla ya mlipuko kituo kilikuwa hakipati data za mitambo yake ipasavyo, kwa sababu fedha zilizolipia mtandao zilikwisha mwaka 2020. Mtandao ulirudi Aprili 2021. Mwezi uliofuata, Jumamosi jioni, mbingu ikawa nyekundu bila tangazo lolote kutangulia. Katika saa za kwanza hata haikueleweka vizuri kama ni Nyiragongo au Nyamulagira.

Hili nalo huwaambia vijana. Chanzo kinaweza kuwa cha kweli kabisa na wakati huo huo kikawa kipofu. Ukiuliza "je, ni waaminifu?" utapata jibu zuri na bado utaungua. Ukiuliza "wamejuaje?" utagundua kwamba kwa miezi mizima walikuwa hawana namna nzuri ya kujua.

Sisi wengine usiku ule tulijaza pengo kwa midomo yetu. Mimi mwenyewe, mwandishi wa habari, nilimtumia dada yangu ujumbe kwamba barabara ya Sake imekatwa na lava. Nilikuwa nimeambiwa na jirani, naye aliambiwa na mwendesha pikipiki. Dada alikuwa ameshafika karibu na Mugunga, akageuka na watoto watatu, akarudi katikati ya umati hadi mpakani, akalala nje Gisenyi kwenye baridi. Lava ilikuwa upande mwingine kabisa, ilikata barabara ya Rutshuru na kusimama Buhene, karibu na uwanja wa ndege. Barabara ya Sake haikuguswa. Dada hajawahi kunilaumu. Kila ninapotoa maneno haya kwenye vikao vya familia hubadilisha mazungumzo, na hilo linaniuma kuliko lawama.

Darasani nilisimulia kosa langu kwa sababu moja. Vijana hudhani anayesambaza uongo ni mtu mbaya mwenye kompyuta mahali fulani. Hao wapo, na hulipwa. Lakini usiku wa hatari msambazaji mkubwa ni anayekupenda.

Kuna methali inayotuponza: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Ni methali tamu, inamfanya kila mpiga soga kuwa nabii. Nikawauliza wanafunzi kama wanaikubali. Wengi wakaikubali. Msichana wa nyanya akasema ni kweli nusu: linalosemwa lipo, lakini halipo pale linaposemwa kuwa lipo. Sikuwa na la kuongeza.

Ebola ilitufundisha nusu hiyo kwa gharama kubwa. Mlipuko ulitangazwa Kivu Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, ukafika Goma tarehe 14 Julai 2019 kwa mchungaji aliyekuja na basi kutoka Butembo, na ulipomalizwa tarehe 25 Juni 2020 ulikuwa umeua watu 2,287. Watafiti waliohoji watu 961 huko Beni na Butembo mnamo Septemba 2018 walikuta karibu robo yao hawaamini kwamba Ebola ipo. Nchi za nje zilisoma takwimu hiyo na kutikisa vichwa: ujinga, imani za kale. Sikubaliani. Desemba 26 ya mwaka ule Tume ya Uchaguzi iliahirisha kura za Beni na Butembo hadi Machi 2019, ikitaja Ebola na usalama, huku karibu nchi yote iliyobaki ikipiga kura tarehe 30. Rais akapatikana bila wao. Beni watu wakajiandalia uchaguzi wa mfano siku ile ile. Soko liko wazi, kanisa liko wazi, shule ziko wazi, ila kura ndiyo inaambukiza? Mtu aliyesema "Ebola ni siasa" hakuwa ameona virusi, hilo ni kweli, lakini siasa alikuwa ameiona kwa macho yake. Akaacha kunawa mikono kwa sababu ya kitu cha kweli.

Na waliojaribu kurekebisha habari hawakuwa salama. Papy Mumbere Mahamba, mtangazaji wa redio ya jamii ya Lwemba, Ituri, aliyekuwa na kipindi cha kuelimisha watu juu ya Ebola, aliuawa nyumbani kwake Novemba 2019.

Upande wa pili wa shilingi ni mazuku. Wasomaji wa mbali huenda hawalijui neno hili, ingawa wanasayansi wa volkano duniani wanalitumia hivyo hivyo kwenye majarida yao, bila kulitafsiri. Kwetu ni upepo mbaya unaoua. Wazee wa kandokando ya Goma wamekuwa wakiwakataza watoto kushuka kwenye mabonde fulani, hasa alfajiri pasipo na upepo, kwa sababu huko kuna kitu kinachokaba. Kitu hicho ni hewa ya kaboni inayotoka ardhini. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hivyo hutulia kwenye mashimo kama maji kwenye bakuli. Mbuzi anashuka kula majani, habanduki tena. Mtu akimfuata, naye hivyo hivyo. Mzee aliyesema ni pepo alikosea sababu na akapatia mahali, saa na dawa yake, yaani usishuke. Nikawaambia vijana wampe mzee huyo maksi. Wakabishana kweli kweli: wengine saba kati ya kumi, mmoja sifuri kwa sababu pepo hayupo. Yule wa sifuri nikamwambia asitembee peke yake.

Mjadala huo ndio uliotupeleka kwenye picha. Nilikuwa nimechapisha karatasini picha iliyozunguka sana duniani: gari la Ford Mustang likimezwa na lava mtaani. Ni ya Hawaii, Mei 2018, volkano ya Kilauea. Sikuwaambia. Nilisema tu nimeipata kwenye kundi, imeandikwa "Goma leo". Wangapi wataituma? Nusu ya mikono ikapanda. Sasa itazameni dakika tatu, nikawaambia, bila intaneti.

Dakika tatu ni nyingi ukiwa na macho ya watu hamsini. Barabara ina lami safi hadi ukingoni. Nyumba hazina ukuta, na Goma ni nani mwenye parcelle, yaani kiwanja, asiyejenga ukuta, hata wa mawe ya volkano yaliyopangwa bila saruji? Hakuna umati: lava iingie Goma asionekane hata kijana mmoja anayepiga picha? Majani ni ya pwani. Na hoja iliyoshinda zote ikatoka kwa mtoto mdogo wa mwili aliyekuwa kimya tangu mwanzo: hakuna chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo. Barabara yote ile na hakuna chukudu hata moja iliyosimama wala inayokimbia.

Wenye mega za intaneti wanaweza kupeleka picha kwenye programu ya Google inayotafuta picha kwa picha, nayo itawaonyesha ilikotokea. Wanaweza kusoma Congo Check, kundi la wanahabari wa Kongo walioifanya kazi ya kukagua uvumi kuwa kazi yao tangu 2018. Hayo niliyasema haraka, kwa sababu mega ni pesa na wengi wao hununua za WhatsApp tu, ambazo hazikufikishi huko. Jicho ni bure.

Lipo pengo moja ambalo jicho haliliwezi, nalo ni lugha. Uvumi kwetu huja kwa Kiswahili, tena Kiswahili cha nyumbani, na sauti ya mtu unayemjua. Kanusho huja kwa Kifaransa, karatasi yenye mhuri iliyopigwa picha ikiwa imeinama. Mama mkubwa wa kwaya hatalisoma. Na akisomewa, kuna tatizo la saa. Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa moja. Taarifa ikisema saa 20:00 ya Kinshasa, saa ya ukutani Goma inasoma 21:00, na mdomoni mwa Kiswahili hiyo ni saa tatu usiku. Nimeona watu wakigombana juu ya tangazo ambalo wote walilisoma sawasawa. Zoezi la mwisho siku ile lilikuwa kuchukua tangazo moja la Kifaransa na kulisema kwa Kiswahili cha nyumbani, sentensi nne, kama unamwambia bibi. Hilo ndilo lililowashinda kuliko yote. Waliweza Kifaransa na waliweza Kiswahili. Kutoka kimoja kwenda kingine bila kuongeza chumvi ndiko kulikowatoa jasho.

Chuo kikuu hakuna nafuu kubwa, nikisema ukweli. Nilisoma kwa syllabus, yaani kitabu cha somo kinachochapwa na mwalimu na kutolewa kopi, ambacho usipokinunua usitegemee kufaulu. Katika mojawapo ya hizo, chuo sitakitaja, kulikuwa na ukurasa unaoanza katikati ya sentensi. Mwenye kuchapa alikuwa ameruka karatasi moja. Miaka mitatu mfululizo wanafunzi waliikariri sentensi isiyo na kichwa na kuiandika kwenye mtihani ikiwa hivyo hivyo, nami nikiwemo, na tukapata maksi. Hakuna aliyeuliza imetoka kitabu gani. Kuuliza kungeonekana ni kumpinga mwalimu. Sasa kijana aliyelelewa hivyo anafika mwaka wa mwisho, anatakiwa aandike TFC yake, yaani kazi ya utafiti ya kumaliza masomo, na kutaja vyanzo. Anakwenda kwenye kibanda cha kuchapa, na yule wa kibandani anamuuliza unataka vyanzo vingapi.

Nilidhani hadithi hiyo ingewachekesha vijana wa Himbi. Mwalimu wao ndiye aliyecheka. Wao walikuwa wakiandika.

Tangu mwishoni mwa Januari 2025 somo hili limekuwa gumu zaidi. Waasi wa M23 waliingia mjini, siku za mapigano umeme, maji na intaneti vikakatika kwa pamoja, tukarudi kwenye redio ya betri na kusikiliza milio. Leo Kivu Kaskazini ina magavana wawili, mmoja aliyewekwa na muungano wao wa AFC/M23 hapa Goma, mwingine aliyeteuliwa na Kinshasa, akifanyia kazi Beni. Kila mmoja ana matangazo yake na mhuri wake. Mwalimu aliniomba mapema nisichukue mfano hata mmoja kutoka kwenye habari hizo, na nilimtii. Swali la "amejuaje?" ni zuri ubaoni. Mbele ya mwenye bunduki ni swali jingine. Nilichoweza kuwaambia ni kwamba si lazima kila swali litoke mdomoni: unaweza kuliuliza moyoni, ukapata kwamba hujui, ukaacha kubonyeza. Ujumbe uliokaa kwenye simu yako haumkimbizi dada wa mtu.

Kengele ililia. Nje ilikuwa imeanza kunyesha, nikapitia soko la Virunga kujikinga mvua chini ya turubai la mama mmoja muuza makala. Mikono myeusi hadi kwenye viwiko, kitenge amekifunga juu ya koti. Mafungu yake aliyapanga kwenye mabakuli ya plastiki, magunia mawili nyuma yake yakiwa yamefunikwa majani. Bado nilikuwa na chaki vidoleni na somo kichwani.

"Mama, haya makala inatoka wapi?"

"Rusayo."

"Unajua namna gani ni ya Rusayo?"

Akanitazama kama mtu anayeamua kama mteja wake ana akili timamu.

"Papa, juzi nilikuwa kule. Nilishuka nayo mimi mwenyewe, nikalipa ku barrière mbili." Kisha akachukua vipande viwili, akavigonganisha karibu na sikio langu. Vikalia kama chuma. Akatafuta kingine kwenye bakuli la jirani yake, akakigonga, kikatoa sauti ya kitu kilicholowa.

"Sikia. Hii ya mwenzangu ni muti laini. Itakuletea moshi tu."

Jirani akaanza kumtukana, wote wawili wakicheka. Nikanunua bakuli moja la Rusayo, na moja dogo la jirani kwa ajili ya amani.